Faida ya Kushona Pamoja

Apitaye katika mji wo wote wa Kenya, mkubwa kwa mdogo, hakosi kuwaona mafundi wa nguo wameketi barazani mbele ya maduka, kila mmoja na cherehani yake, miguu ikikanyaga na mikono ikisukuma kitambaa. Watu wengi hudhani kuwa mafundi hao wamekaa pamoja kwa ajili ya kivuli tu, au kwa kuwa kodi ya baraza huwa nafuu ikigawanywa. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Ukisimama kitambo utaona kuwa yule hodari wa suruali huletewa mfuko na jirani yake ambaye mkono wake hauuwezi vizuri. Aliyeishiwa na uzi mweupe huazima. Na mteja akija wakati fundi wake amekwenda sokoni, hupokewa na mwenziwe, akapimwa, na kitambaa chake kikawekwa mahali pa salama mpaka mwenyewe arudi. Pasipo kuaminiana mambo hayo hayawezekani, maana mteja mmoja aliyenyang'anywa huleta ugomvi wa mwaka mzima.

Katika makala haya twataka kueleza habari za ushirika huo wa watu wa sindano, na jinsi uwezavyo kuwa na nguvu kuliko watu wadhanivyo. Tutatumia hasa mfano wa mahali pamoja palipo mbali na hapa, ambapo urafiki wa wanawake washonaji ulijaribiwa kwa mambo mazito: umaskini, kufukuzwa katika nyumba, na kunyimwa haki ya kupiga kura. Mahali hapo ni Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, kusini ya Marekani.

Kwanza yafaa tuseme neno juu ya kazi yenyewe. Mwenye kulima hutengwa na mwenziwe kwa urefu wa shamba. Mhunzi husumbuliwa na kelele za nyundo yake mwenyewe. Lakini mshonaji wa mkono kazi yake ni ya kimya, na akisha kuizoea hutaka vidole na nusu ya macho tu. Mdomo na masikio hubaki huru. Ndiyo sababu habari za mtaa hufika kwa washonaji kabla hazijafika kwingine, na mwenye kupenda siri afadhali asijenge karibu nao. Tena ufundi wa sindano haufundishwi vema kwa maneno. Mwanafunzi hana budi kukaa ubavuni pa mjuzi, autazame mkono wake unavyokunja pindo, ajaribu, afumue, ajaribu tena. Hapana awezaye kukaa hivyo na mtu miezi mingi bila kumjua tabia, watoto wake na shida zake.

Basi kazi ya wanawake wa Gee's Bend ni kushona mifarishi. Mfarishi ni nguo nene ya kujifunikia wakati wa baridi, nao una tabaka tatu. Juu ni kitambaa cha viraka vilivyounganishwa. Katikati ni pamba iliyochambuliwa na kutandazwa. Na chini ni bitana. Tabaka hizo tatu hushikanishwa kwa mishono mingi midogo midogo inayopita toka juu hata chini, ili pamba isije ikakusanyika upande mmoja nguo ifuliwapo. Watu wa huko hawakuwa na fedha za kununua vitambaa vipya. Walitumia suruali za kazi zilizochakaa magotini, magauni ya zamani, na magunia ya unga na ya mbolea yaliyofuliwa mpaka yakalainika. Pamba waliipata kwa urahisi, kwa kuwa walikuwa wakiilima wao wenyewe, ijapokuwa iliyo nzuri yote iliuzwa na wao wakabakiwa na iliyokuwa hafifu. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na upepo wa majira ya baridi uliingia kama mgeni asiyebisha hodi. Kwa hiyo mfarishi haukuwa pambo. Mtoto alilala chini ya miwili au mitatu.

Katika kazi hiyo wanawake walifuata desturi moja inayostahili kuangaliwa sana. Kuunganisha viraka vya tabaka la juu ilikuwa kazi ya mtu peke yake. Kila mwanamke alikaa kwake, akachagua rangi zake na kuzipanga apendavyo, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa chekundu hakikai vema na buluu. Lakini tabaka zote tatu zilipokuwa tayari kushikanishwa, aliwaita jirani zake. Nguo ilitandazwa juu ya fremu kubwa ya miti, nao wakaketi kuizunguka, kila mtu akashona sehemu iliyo mbele yake huku wakiimba nyimbo za kanisani, wakisali na kuzungumza. Ukimalizika wa huyu, walihamia kwa yule. Mtu aliweza kuufanya mfarishi peke yake, lakini alipaswa kuizunguka fremu yote mwenyewe, na siku zilikuwa chache kati ya kuvuna na kupanda. Twaona hapa hekima kubwa: mawazo ya kila mtu yalibaki mali yake, bali uzito wa kazi ulikuwa wa wote. Vyama vingi vya siku hizi huvunjika kwa kufanya kinyume cha hayo.

Wamarekani huuita mkutano wa namna hii kwa neno lile lile waitalo nyuki. Kwetu sisi jambo lenyewe si geni hata kidogo. Wakikuyu wanayo ngwatio, Wakamba wanayo mwethya, na Wajaluo wanayo saga. Na wanawake wa kwetu walioezekeana nyumba na kupaliliana mashamba wangeielewa desturi ya Gee's Bend bila kufasiriwa.

Sasa tutazame historia ya watu hao, maana bila hiyo hatuwezi kuuelewa urafiki wao. Gee's Bend ni nchi iliyozungukwa na Mto Alabama pande tatu. Mzungu aliyeitwa Joseph Gee alianzisha shamba la pamba huko mwaka 1816. Baadaye shamba likapata bwana mwingine, Mark Pettway, ambaye mwaka 1845 alihamia huko kutoka North Carolina pamoja na watumwa kama mia moja, nao walisafiri kwa miguu. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865 wengi wao walibaki papo hapo kama wapangaji wa mashamba, na jina la Pettway likabaki nao. Hata leo watu wengi wa huko huitwa Pettway bila kuwa wa nyumba moja.

Mpangaji wa shamba aliishi kwa deni. Alikopeshwa mbegu, chakula na vyombo, akalipa kwa pamba wakati wa mavuno. Mwaka 1932 mfanyi biashara mmoja aliyewakopesha alifariki, na waliorithi madeni yake wakaja kudai yote kwa siku moja. Walichukua nyumbu, ng'ombe, kuku, majembe na mahindi ya ghalani. Watu waliachwa bila kitu, na wangalikufa kwa njaa kama Msalaba Mwekundu usingaliwapelekea chakula. Miaka michache baadaye Serikali ya Marekani ilinunua ardhi hiyo, na katika miaka ya 1940 ikawauzia wenyeji kwa masharti nafuu. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni. Watu wengi wa Gee's Bend walipata kuwa na ardhi yao wenyewe, hali Waafrika wenzao wa vijiji vya jirani waliendelea kukaa katika mashamba ya Wazungu.

Wakati huo wa dhiki mifarishi ilifanya kazi nyingine pia. Mwaka 1942 mwanamke mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata kuwa viraka, naye binti yake akamsaidia kuzishona ziwe mfarishi wa kujifunikia, apate kumkumbuka. Mfarishi huo upo hata sasa, na vitambaa vyake bado vyaonyesha mahali jua na jasho vilipofifisha rangi.

Wilaya yao iitwayo Wilcox ilikuwa na Waafrika wengi kuliko Wazungu, lakini mpaka mwanzo wa mwaka 1965 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyekubaliwa kuandikishwa kuwa mpiga kura. Ofisi ya uandikishaji ilikuwa mjini Camden, ng'ambo ya mto. Mwaka 1962, watu wa Gee's Bend walipoanza kuvuka kwenda kudai haki hiyo, kivuko kiliondolewa. Tangu hapo aliyetaka kwenda Camden alilazimika kuzunguka kwa barabara mwendo wa saa moja na zaidi. Kivuko hakikurudishwa mpaka mwaka 2006, yaani baada ya miaka arobaini na minne. Februari 1965 Dakta Martin Luther King alifika Gee's Bend usiku wenye mvua akahutubia watu, na Agosti mwaka huo sheria ya kulinda haki ya kupiga kura ikatiwa sahihi na Rais wa Marekani.

Lakini sheria ni kitu kimoja, na mwenye nyumba ni kitu kingine. Wapangaji waliojiandikisha waliambiwa wahame. Familia ambazo baba na babu zao walikuwa wamelima mashamba yale yale zilijikuta barabarani na vyombo vyao. Kibarua cha mashamba nacho kilikuwa kikipungua kwa ajili ya mashine mpya za kuvuna pamba.

Mwezi wa Desemba 1965 kasisi mmoja wa Kanisa la Episcopal, Francis X. Walter, alikuwa akizunguka katika wilaya hiyo kukusanya habari za watu waliofukuzwa. Akaona mifarishi imeanikwa kambani nje ya nyumba, akasimama ili aitazame. Mwenye nyumba alipomwona Mzungu asiyemjua akisimamisha gari mlangoni pake, alikimbilia msituni. Jambo hilo dogo laonyesha hofu iliyokuwako kuliko hotuba ndefu. Kasisi alirudi siku nyingine na watu waliojulikana huko, wakazungumza, akaanza kununua mifarishi kwa dola 10 kila mmoja. Bei hiyo ilikuwa kubwa kuliko waliyoizoea wenyewe. Ilipelekwa New York ikauzwa kwa mnada, na fedha zikarudi kwa washonaji.

Machi 1966 wanawake walikutana wakaunda chama, wakakiita Freedom Quilting Bee, yaani umoja wa uhuru wa kushona mifarishi. Baadhi yao walitoka Gee's Bend penyewe, na wengine vijiji vya jirani. Mmoja wa viongozi wake wakubwa alikuwa Bibi Estelle Witherspoon, aliyekuwa meneja kwa miaka mingi. Tukumbuke kuwa hawakuanza na urafiki mpya. Walikwisha kuketi pamoja kuzunguka fremu tangu utoto wao, na mama zao kabla yao. Kila mtu alijua mkono wa mwenziwe, nani mishono yake ni midogo na iliyonyoka, nani ni mvivu wa kufumua akikosea. Mtaji wa namna hiyo haukopeshwi na benki, wala mwaka 1932 haukuweza kuchukuliwa pamoja na nyumbu.

Fedha zilipopatikana walizitumiaje? Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mwaka 1968 chama kilinunua ekari 23 za ardhi. Katika ardhi hiyo walijenga nyumba ya kushonea, ambayo ilimalizika mwaka 1969 ikapewa jina la Martin Luther King, aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Na viwanja vingine katika ardhi hiyo hiyo waliviuza kwa familia zilizofukuzwa kwa ajili ya kujiandikisha kupiga kura, ili zijenge nyumba ambazo hapana bwana wa shamba awezaye kuzitoa humo. Wanawake waliokuwa na paa lao wenyewe walishona kwa ajili ya wale wasiokuwa nalo. Baadaye walianzisha pia mahali pa kulelea watoto wadogo mama zao wawapo kazini.

Kazi iliongezeka. Maduka makubwa ya New York yalileta maagizo, na mwaka 1972 kampuni ya Sears ikawapa kazi ya kushona foronya za mito kwa kitambaa kizito chenye mistari kiitwacho kodroi. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi walipata mshahara wa kila juma badala ya deni la kila mavuno. Hata hivyo si wote waliofurahi. Mnunuzi wa mjini alitaka kila mto uwe sawasawa na mwenziwe, na kila mfarishi ufuate mchoro uliokubaliwa, pasipo mshono uliopinda. Wale waliozoea kupanga viraka kama moyo ulivyowatuma waliona kuwa wamefanywa mashine, na baadhi yao wakarudi kushona nyumbani kwao. Kwa maoni yetu pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwenye watoto wenye njaa hawezi kumkatalia mnunuzi. Naye aliyepewa kipawa cha rangi ana sababu ya kusikitika akipewa foronya mia za rangi moja. Jambo la kusifiwa ni kuwa waliondoka bila uadui, nao waliendelea kukutana kanisani na kusaidiana mwisho wa kazi.

Wasomaji wetu watu wazima watakumbuka kuwa Kenya nayo ilikuwa na vilabu vya kushona. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya Serikali ya kikoloni, na walimu wa vilabu walifundishwa katika Jeanes School, Kabete. Wanawake walijifunza kushona nguo za watoto, kufuma, kupika na usafi wa nyumba. Yafaa kusema kweli kuwa katika miaka ya Hali ya Hatari Serikali ilivitumia vilabu hivyo pia kuwavuta wanawake waiache Mau Mau, na kwa ajili hiyo wako waliovitazama kwa shaka, na wako waliovicheka wakisema kuwa ni vya chai na sindano tu. Lakini mikutano ya wanawake ina desturi ya kupita shabaha ya walioianzisha. Waliokuja kujifunza kutia kifungo walijifunza pia kuendesha kikao, kuandika hesabu, na kusema mbele ya watu. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho, na baadaye akawa mbunge.

Na siku hizi, katika mitaa ya miji na vijijini, wanawake washonaji huchanga fedha kidogo kidogo kila juma, na kila juma mmoja wao hupewa zote kwa zamu. Cherehani nyingi zimenunuliwa kwa njia hiyo. Wa kwanza kupewa ndiye ajaribiwaye zaidi, maana amekwisha kupokea naye bado anadaiwa michango ya wenziwe wote. Ndiyo sababu vikundi vyenye busara havimpi zamu ya kwanza mtu aliyeingia jana, hata akiwa na maneno matamu namna gani. Humtaka kwanza akae nao, ashone nao, wamjue.

Watu wengi huuliza kwa nini vikundi vya namna hii huvunjika. Mara nyingi si kwa wivu wa ufundi, kama watu wasemavyo. Huvunjika kwa hesabu isiyosomwa mbele ya wote. Hata Gee's Bend jambo hilo lilionekana sifa zilipokuja. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York, na wakosoaji wakaisifu kama kazi za wachoraji wakubwa. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha za mifarishi hiyo. Lakini mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai kuwa hawakulipwa haki yao katika mali iliyotokana na kazi zao, na mwaka 2008 kesi hizo zikamalizwa kwa mapatano. Wakati mfarishi ulipouzwa kwa dola 10 kila mtu aliweza kuihesabu fedha mkononi. Picha ya mfarishi ilipoanza kuchapishwa juu ya vikombe na mazulia, hesabu ilikwenda mbali na macho ya mwenye sindano.

Chama cha Freedom Quilting Bee kilifungwa mwaka 2012. Wanachama wengi walikuwa wamekwisha kuzeeka au kufariki, na vijana wengi walikuwa wamehamia mijini kutafuta kazi. Hata hivyo ushonaji haukukoma. Tangu mwaka 2022 wenyeji wamefanya sikukuu mwezi wa Oktoba, ambayo siku hiyo mifarishi, ya zamani na ya sasa, hutolewa nje na kuanikwa kambani na juu ya nyua kijijini kote. Wageni hufika kwa barabara na kwa kivuko, hutazama, na hununua wakipenda. Hununua kwa mshonaji mwenyewe, ambaye husimama kando ya kazi yake na kutaja bei.